Kaseti ya Hemlata na Betri za Kuanikwa

Jumamosi, 11 Machi 1989. Nshambya, Bukoba
Mvua imenikamata mjini. Nipo kwa dada, nimekaa dirishani natazama migomba inavyopigwa, na kwa kuwa dada amekwenda kanisani na sina wa kubishana naye, nimeamua kuandika. Nitaandika msimu mzima mpaka mvua ikatike.

Asubuhi nilikwenda dukani kwa mzee Rasiklal kutafuta kitambaa cha sare ya kwaya. Zamani mtaa ule ulikuwa na maduka ya Wahindi pande zote mbili. Baada ya vita vya mpakani wengi wakahama, sasa kwenye vitambaa amebaki yeye peke yake. Nilipotaja kwaya aliacha kupima, akatundika futi shingoni, akaniita chumba cha nyuma. Mkewe, mama Manorama, alikuwa amekwisha kumimina chai, nikajua nilikuwa nangojewa.

Habari yenyewe ni ya Hemlata, binti yao wa pekee, ambaye nilisoma naye shule moja hapa mjini. Walimpeleka Uingereza akasomee dawa. Miaka mitatu iliyopita akaacha, akaajiriwa kutunga muziki wa michezo ya video. Mama Manorama ndiye aliyenieleza michezo hiyo: mtu anakaa mbele ya televisheni anabonyeza vitufe, ndani ya kioo kijitu kinakimbia na kuruka mashimo, na kinapokimbia muziki unapiga. Sasa muziki wa mchezo mmoja umetolewa kwenye kaseti, albamu nzima, nao watu wanainunua waisikilize bila hata kuuona mchezo. Ndugu yao aliyekuja kutoka huko ameleta moja. Haina karatasi wala majina ya nyimbo, imeandikwa tu Hemlata kwa kalamu.

"Nilimpeleka akasome dawa," alisema mzee Rasiklal. "Mwalimu, wewe unatoka Buganguzi, unajua watu wanavyokwisha kwa maradhi. Huyu anapigia vijitu vya kioo muziki. Una thamani gani?"

"Anataka kuja Juni," alisema mama Manorama, akinitazama mimi badala ya mumewe.

"Nimesema hivi. Kama kitu alichoachia dawa ni muziki wa kweli, aje. Kama ni kelele za mashine, abaki hukohuko."

Nikamuuliza kwa nini asisikilize mwenyewe, redio kaseti si ile pale kabatini? Akasema yeye ni baba. Sikio la baba lina hasira au lina huruma, halipimi sawa. "Lakini wewe ulimwambia padri mbele ya watu kwamba kinanda chake kimepotoka. Habari hiyo ilifika mpaka hapa. Chukua, sikiliza kwa nafasi yako, uniletee neno moja tu."

Nikamjibu kwamba sikio langu halijawahi kunidanganya. Nayaandika maneno hayo kama nilivyoyasema, nikiwa nimeshika kikombe chake.

Jumatatu, 13 Machi. Buganguzi
Mvua. Nusu ya darasa hawakuja. Ni mvua au ni msiba, siku hizi siulizi.

Jumatano, 15 Machi
Leo nimeisikiliza. Betri mpya hazipatikani, lakini zangu nazijua kuzitunza. Wengine huzianika juani. Mimi, jua likikosekana, huziweka juu ya kichanja cha jikoni, penye joto la moshi, na majirani wote huniletea za kwao nizifufue. Nilizitia kwenye redio kaseti aliyoniachia kaka yangu Philbert, nikafungua redio kwanza kujaribu. Msomaji wa habari alisema wazi neno kwa neno. Betri zimepona. Nikatia kaseti.

Nilisikiliza upande wote mmoja. Hakuna mtu anayeimba, ni vinanda vya umeme tupu. Sauti nzito, zinakokota miguu kwenye matope. Chini kuna kitu kinachonguruma kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama, na juu sauti nyingine inayotetemeka, inapanda na kushuka pale ambapo ingepaswa kutulia. Imerekodiwa vibaya, hiyo ni dhahiri. Lakini wimbo wa tatu ulinifanya niache kumenya ndizi. Ni mfupi, unapanda ngazi nne, unapumzika, unapanda tena. Nililia, na kisu mkononi.

Wifi yangu Klaudia alikuwa mlangoni. Tangu tumzike Philbert mwezi wa nane tunaishi pamoja, naye tangu siku hiyo hajaimba, yeye aliyekuwa sauti ya pili ya kwaya nzima. Akasema, "Huo ni wimbo wa msiba, Ma Georgina. Aliyeutunga amezika mtu."

Jumamosi, 18 Machi
Tumemzika mtoto wa mzee wetu Ta Karugendo, kijana aliyekuwa dereva. Ni ule ugonjwa mpya wa kukondesha, ingawa pale msibani tulisema ni malaria. Kwaya imebaki wanawake watupu, na Ta Mujuni katekista kwa besi. Nyimbo zetu za mazishi tumeziimba mpaka zimechakaa. Makaburini, kabla sijaanza wimbo, Klaudia akaanza ule wa tatu, polepole, na maneno aliyokwisha kuyatia bila kuniambia:

Amefika, amefika,
mwendo umekwisha, amefika.

Tukadaka. Ta Karugendo alikuwa hajalia siku zote mbili. Hapo akalia, wanaume wakamshika.

Jumapili, 26 Machi
Pasaka. Mvua ilipiga bati hata mahubiri hayakusikika. Hakuna aliyelalamika.

Jumamosi, 1 Aprili. Bukoba
Nimefanya kazi niliyotumwa, na sijisikii vizuri.

Mzee Rasiklal alifunga nusu ya mlango wa duka ili tusikatizwe. Nilimweleza kila kitu kwa uaminifu, maana ndiyo sifa aliyonitafutia. Nilisema muziki upo, tena kuna wimbo mmoja mzuri sana. Nilisema ubora wa sauti ni hafifu: sauti nzito zimefunika nyingine, na vinanda vinayumba. Nilisema nyimbo zote ni za majonzi, na kwamba ule wa tatu tunazikia watu.

Nilidhani nimemsifia binti yake.

"Mnazikia," alisema.

"Ndiyo, mzee. Watu wanalia."

"Mwalimu, mchezo huu ni wa watoto. Kijitu kinaruka mashimo, mtoto anacheka. Na yeye ameutungia muziki wa maziko, tena umerekodiwa vibaya?" Akakunja kitambaa kilichokuwa mbele yake, kilichokuwa kimekwisha kukunjwa. "Basi dawa aliiacha, na hii kazi aliyoichagua hajui. Asije."

Mama Manorama alisema jambo kwa Kigujarati, kwa sauti ndogo. Nikanyoosha mkono nirudishe kaseti, mzee akasema nikae nayo, nyumbani kwake haina kazi. Mama yule alinisindikiza hadi barazani. Hakunilaumu hata kidogo, alinishukuru kwa kuja na mvua yote hii, nami ningependa zaidi angenitukana.

Nimekasirika. Nimemkasirikia Rasiklal kwa kiburi chake, Hemlata kwa kutunga misiba kwa ajili ya watoto, na nafsi yangu sijui kwa nini, maana nilichosema ni kweli.

Jumatano, 5 Aprili
Mvua. Barabara ya Rubya imekatika pale bondeni.

Jumapili, 9 Aprili
Mazishi mengine, ng'ambo ya mto, kigango kisicho chetu. Tulipofika tuliwakuta wanaimba "Amefika." Nani aliwafundisha? Ma Celina, aliyezika wana wawili mwaka jana, alinishika mkono akaniambia wimbo huu umewakuta watu pale walipo. Nikamfikiria mzee Rasiklal na swali lake la thamani. Ningempeleka pale makaburini asimame dakika moja tu.

Jumatatu, 10 Aprili
Senene wameanguka kidogo. Watoto wamekimbia darasani wote, nami nyuma yao.

Alhamisi, 20 Aprili
Niandikeje hili?

Kwaya za vigango zitaimba Bukoba Jumapili ya Pentekoste. Jioni nilitaka kuwakumbusha wanawake wimbo wetu wa mwaka juzi, ambao tuliurekodi mjini kwa umeme Philbert akiwa hai. Nikatoa betri kichanjani, nikajaribu redio, ikasema vizuri. Nikatia kaseti yetu.

Likatoka dume. Dume linaloimba sehemu ya pili, polepole, kama mlevi anayetafuta mlango.

"Mawe, mama yangu! Nani huyo?" akauliza Klaudia.

"Ni wewe," nikasema.

Alicheka. Klaudia alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni, akashika mbavu, na Ma Celina akaanza kucheka kwa sababu ya kicheko chake, na Ta Mujuni alipojisikia akinguruma kama trekta, nyumba nzima ikawa haina mtu mzima. Mimi nilicheka nao. Halafu nikazifikiria betri.

Betri dhaifu inatosha kusemesha redio. Kuzungusha kaseti haitoshi. Kila mtu anajua kaseti hulegea betri zikichoka, hata mtoto anajua, na wimbo tunaoufahamu ukilegea tunasikia mara moja. Lakini ule wa Hemlata sikuwahi kuusikia kabla, na hauna sauti ya mtu ya kulinganisha. Nilipima muziki wa watu kwa betri za jikoni, nikamwambia baba mtu kwamba mwanawe ndiye anayekokota miguu.

Ni sikio langu hili hili lisilodanganya! Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu niwe mwalimu. Niliwaambia wote palepale. Ta Mujuni akasema, "Ma Georgina, waitu, mpendwa wetu, kwanza usijihukumu. Tafuta betri mpya tusikie."

Jumamosi, 22 Aprili. Muleba
Betri zinatakiwa nne. Buganguzi hakuna hata moja. Muleba nimezunguka maduka yote, mwishoni Burhani mwenye duka la mchanganyiko akatoa mbili chini ya meza, akaiona kaseti mkononi mwangu, akaitaka hiyo badala ya pesa.

"Hii ni kaseti ya daraja la juu," alisema, akiipima uzito kiganjani. "Nitafuta hayo ma-tititi yaliyomo, nirekodi humo muziki wa dansi. Itakaa miaka."

"Yaliyomo ndiyo thamani yake, Burhani."

"Umeyasikia?"

Swali halali kabisa. Nikamwambia bado, ndiyo maana nataka betri. Alinicheka, akakubali pesa, ila akabaki na mwavuli wangu kama bakshishi ya usumbufu. Nimerudi nimelowa hadi mifupani.

Jumapili, 23 Aprili
Betri mbili nyingine zimetoka kwenye tochi ya Ta Mujuni, mpya kabisa, alizopewa kwa ajili ya kwenda kwa wagonjwa. Aliniazima kwa mchana mmoja.

Baada ya misa tumekaa sebuleni kwangu, kwaya yote. Nikabonyeza.

Mungu wangu. Haikuwa kaseti ile. Sauti zilizokuwa zikikokotana ziliruka juu na kutawanyika, kila moja na nafasi yake. Besi iko chini, kavu, inadunda bila kumfunika mtu. Juu kuna sauti nyembamba inayocheza kama njuga mguuni, nayo haiyumbi hata kidogo. Katikati kuna sauti ya tatu inayoijibu ile ya juu, na kwa betri zangu za moshi sikuwahi hata kujua kwamba ipo! Hakuna mkwaruzo, hakuna mvumo. Nimesikia kaseti nyingi za kwaya kubwa na hakuna iliyorekodiwa kwa usafi huu. Wimbo wa kwanza unakimbia. Wa pili uko majini, unasikia mapovu. Watoto walianza kuruka mashimo yasiyokuwepo.

Halafu wa tatu. Ngazi nne, pumziko, ngazi nne. Lakini mbio, ukiwa umesimama wima, kifua mbele. Ni wimbo wa mshindi. Kijitu kimevuka mashimo yote na bendera zinapepea, mtu hahitaji kuambiwa.

Watu wakatazamana. Nilijua wanachofikiri, maana nami nilikifikiri: tumewazika watu wetu kwa ngoma ya shangwe. Nikaanza kuomba radhi. Nilimwangalia Ma Celina zaidi, kwa kuwa wa kwake tumewaimbia huo huo siku ya kumbukumbu yao.

Ma Celina alisikiliza mpaka wimbo ukaisha. Akasema kwa Kihaya turudie, tukarudia. Akasema, "Wanangu watu waliwakimbia wakiwa hai. Hata kikombe walitengewa. Kumbe siku ile waliimbiwa wimbo wa ushindi na sisi hatujui. Kosa liko wapi, Ma Georgina?"

Klaudia alisimama akaimba. Mbio, kwa sauti yake halisi, kama zamani. "Amefika, amefika." Maneno hayakubadilika hata moja. Ta Mujuni akavuta ngoma.

Nimefurahi leo kama sijawahi kuonja huzuni.

Jumamosi, 29 Aprili. Bukoba
Mzee Rasiklal amekataa.

Nilimweleza habari ya betri mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kwa adabu. "Mwalimu," alisema, "mwezi huu ulipoanza ilikuwa msiba, unapokwisha imekuwa harusi. Unamhurumia mama Hemlata. Nakushukuru. Lakini nilitaka sikio lisilo na huruma."

Nikamwomba atie kaseti kwenye redio ya kabatini asikie mwenyewe, nusu dakika. Akaanza kumpimia mteja kitambaa.

Zamani ningesema ni kiburi. Leo nilimtazama vidole. Vilishika mkasi vibaya, na kitambaa alikikata upande. Mzee huyu anaogopa. Akiisikia na ikawa mbaya, hatakuwa tena na mwalimu wa kumsingizia. Na ikiwa nzuri, itabidi aihesabu miaka mitatu aliyomnunia mtoto wa pekee. Nilimpenda ghafla, na nikaondoka bila kumsumbua zaidi.

Ila kitambaa cha sare hakunikatalia. Amesema fundi atazishona, tuje tuzichukue mkesha wa Pentekoste.

Tuje. Wote!

Jumanne, 9 Mei
Mazoezi. Mvua nyembamba. Ta Mujuni ametoboa ngozi ya ngoma kwa bidii, tumeazima nyingine.

Jumamosi, 13 Mei. Bukoba, mchana
Naandika nikiwa bado na kishindo miguuni.

Lori la ushirika lilitushusha mwisho wa mtaa. Tulijipanga barazani kwa mzee Rasiklal, chini ya bati, kama watu waliokuja kujikinga mvua. Nikaingia, nikamwamkia, nikamwambia kwaya imefuata sare na ingependa kumshukuru kwa wimbo mmoja. Hakuweza kukataa. Nani anakataa kushukuriwa?

Tulianza polepole, kama makaburini. Amefika, amefika. Mtaa ukatulia. Fundi cherehani Hamidi aliondoa mguu kwenye mashine. Wapita njia walivua kofia zao mvuani, na mama mmoja aliyebeba mkungu aliushusha chini akasimama. Hakuna asiyekuwa na wa kwake wa kumkumbuka. Mzee Rasiklal alitoka nyuma ya kaunta na futi shingoni, akasimama mlangoni, akawatazama watu wale mmoja mmoja.

Nikainua mkono. Ngoma ya Ta Mujuni ikaingia.

Klaudia alipanda ngazi nne kama msichana, sauti ya tatu ikamjibu, besi ikadunda, na mtaa wote ukageuka. Walewale waliokuwa wakipangusa macho walianza kupiga makofi. Yule mama alicheza kuuzunguka mkungu wake. Hamidi alitoka na shati la mtu begani. Maji yaliruka barabarani, na hakuna aliyeuliza tunashangilia nini. Tuliimba mara tatu kwa sababu hawakuturuhusu kuacha.

"Wimbo gani huu?" mzee Rasiklal aliniuliza kwa kelele.

"Wa Hemlata."

"Na ule wa kwanza?"

"Ni huo huo, mzee. Wa kwanza ni wa betri zangu, wa pili ni wa kwake."

Alinyoosha kiganja. Nikaweka kaseti. Akaingia ndani, akafungua kabati, na leo kwa bahati umeme ulikuwapo. Alitia kaseti mwenyewe, akainama, akaweka sikio kwenye spika. Mama Manorama alisimama kando na mikono mdomoni. Sisi tuliziba mlango. Alisikiliza wa kwanza, akasikiliza wa majini, na ulipofika wa tatu alianza kugonga kaunta kwa kidole, taratibu, akiufuata bila kukosea pumziko hata moja. Sikujua kwamba mzee yule ana sikio. Hemlata amelirithi, basi.

Ulipoisha hakuzima. Alijipangusa uso wote kwa futi ile ya kitambaa, akanigeukia.

"Mwalimu, mtoto akiwa amefika mwisho wa mchezo huu, amevuka yote, anapata nini?"

"Sijui, mzee."

"Sawa," akasema. "Nitamuuliza mwenyewe akija."

Mama Manorama hakungoja amalize. Alikwisha kukimbilia nyuma, na tulimsikia akiburuta godoro la Hemlata kulitoa nje alikung'ute vumbi, ingawa ni Mei na mvua bado inanyesha.